Mkanda kukatika: huyo fundi huenda hakukuibia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki iliyopita akilalamika kwamba fundi kamtapeli. Kwa waliopitwa, kisa chenyewe ni hivi: gari ilimzimikia njiani, fundi akaja akamwambia taimingi belti, yaani ule mkanda wa mpira wa injini, imekatika, jamaa akakubali akatoa hela ya belti, belti ikafungwa, gari haikuwaka, ndo fundi akaanza maneno mengine, mara silinda hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda, lazima ishuke, mara valvu nane zimepinda, mara gasketi, mara bolti za hedi nazo zinatakiwa mpya. Jamaa akauliza kwa hasira, "mpira unapindaje chuma?" Akamalizia kwamba hizi belti ni teknolojia mpya waliyotuletea watuibie vizuri.

Nilicheka peke yangu, maana swali hilohilo, karibu kwa maneno hayohayo, mimi nilimuuliza fundi wangu kwa sauti ya juu mbele ya watu. Nilikuwa nimekosea na nadhani na wewe ndugu yangu umekosea, ingawa kuna sehemu moja una haki na nitaifikia.

Kwanza mpira haukupinda chuma. Mpira ndo ulikuwa unazuia chuma kisigongane na chuma kingine. Kule chini ya injini kuna krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni zikipanda na kushuka, kule juu kuna kamshafti, moja au mbili au zaidi, kazi yake kuzisukuma valvu, vile vizibo vya kuingiza hewa na kutoa moshi, zifunguke na kuziachia zifunge. Hawa wa chini na wa juu lazima waende kwa hesabu moja, krenki ikizunguka mara mbili kamshafti iwe imezunguka mara moja kamili, sio moja na kidogo, na anayeshika hiyo hesabu ni ule mkanda wa mpira wenye meno unaouona ukifungua kava la pembeni. Sasa chukua gari ikitembea na mizunguko 3,000 kwa dakika, mwendo wa kawaida tu wa barabarani, krenki inazunguka mara 50 kwa sekunde na kila valvu inafunguka na kufunga mara 25 kwenye sekunde hiyohiyo. Ukipepesa jicho tu ishaingia na kutoka mara kadhaa.

Kwenye injini nyingi valvu ikifunguka inashuka mpaka mahali palepale ambapo pistoni itafika ikipanda. Ni kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja, mchi wa huyu ukishuka wa mwenzie uko juu, wanaweza wakatwanga hivyo mchana kutwa wala wasigusane, ila mmoja akisimama ghafla na mchi wake uko ndani ya kinu basi mwenzie anaushukia. Mkanda ukikatika kamshafti inasimama karibu palepale kwa sababu springi za valvu zinaibana, na siku zote ikisimama kuna valvu zimebaki wazi. Krenki yenyewe haina habari, ina flaiwili, lile gurudumu zito la chuma, inaisukuma, na kama gari iko kwenye gia basi hata matairi yanaendelea kuizungusha. Pistoni inapanda inakuta valvu imening'inia njiani. Valvu ina shina jembamba, unategemea nini? Inapinda. Ikiwa na bahati mbaya inakatika kabisa, kichwa chake kinadondoka kwenye silinda na hapo pistoni inatoboka, hedi inachimbika, na hesabu inakuwa nyingine kabisa.

Na kupinda kwenyewe sio lazima uone kwa macho. Valvu inatakiwa ikae kwenye kiti chake izibe kabisa hewa isipite, ikipinda unywele tu haizibi, na isipoziba hakuna kompresheni, yaani hewa haibanwi ndani ya silinda, na bila kompresheni unaweza ukafunga belti mpya hata tatu, gari haiwaki. Ndo kilichokukuta.

Sasa najua kuna mtu kakwambia "aah mimi ya kwangu ilikatika, nikaweka mpya nikaondoka, huyo fundi mwizi". Na yeye anasema kweli! Injini sio zote sawa. Ziko ambazo waliochora waliacha nafasi ya kutosha, valvu hata ikibaki wazi kabisa pistoni haiifikii, mfano Toyota za zamani zenye injini ya 4A-FE au 7A-FE au 5S-FE, zile mkanda ukikatika gari inazima tu, unaweka mwingine unaendelea na safari. Halafu ziko ambazo hazina huruma, injini nyingi za Honda za miaka ya 1990 ziko kundi hilo, na Subaru yenye injini ya EJ25 vilevile. Dizeli ndo usiombe. Dizeli inawaka kwa kubana hewa, inaibana mara 16 mpaka 22 wakati petroli ya kawaida inabana mara 9 mpaka 11 hivi, kwa hiyo pistoni ikifika juu inabaki nafasi nyembamba mno kati yake na hedi, hakuna pa valvu kujificha. Ndo maana Toyota kwenye injini zake za dizeli kama 1HZ na 1KZ waliweka kabisa taa ya T-BELT kwenye dashibodi, inawaka kilomita zikifika 100,000. (Na nimeshaona kwa macho yangu mtu anaizima ile taa bila kubadilisha mkanda, eti inamkera macho usiku.) Kwa hiyo kabla hujalinganisha kesi yako na ya jirani, linganisha namba ya injini kwanza.

Hilo la teknolojia mpya wala tusilijadili sana, kampuni ya Glas ya Ujerumani waliuza gari yenye mkanda wa meno, Glas 1004, mwaka 1962. Huenda fundi wako alikuwa hajazaliwa.

Turudi kwangu. Yangu ilikuwa ya petroli, gia za mkono, mtumba, na aliyeniuzia aliniapia kwamba belti mpya, hakuna karatasi, hakuna stika, maneno matupu na mimi nikayabeba hivyohivyo. Niko gia ya nne, spidi 80, barabara nyeupe, nikasikia "tap", sauti ndogo kabisa kama mtu kavunja kijiti, halafu kimya. Hapo nikafanya kosa la kwanza, sikukanyaga klachi, niliiacha kwenye gia nikiamini itashika tena yenyewe, kumbe muda wote huo matairi yanazungusha krenki na pistoni zinazitwanga valvu. Nilipokuja kuitoa kwenye gia niiburuze pembeni taa ya oili na ya betri zikawaka, usukani ukawa mzito, breki zikakubali mara mbili, ya tatu pedo ikawa kama nakanyaga jiwe. Ni jambo la kulijua hilo, injini ikizima ile nguvu ya kusaidia breki inabaki ya kukanyaga mara chache tu, breki zipo ila zinataka mguu wa kweli, na funguo usiichomoe gari ikiwa bado inatembea, usukani utajifunga.

Kosa la pili ndo la kipumbavu. Nilipiga stata. Mwenye sikio angejua palepale, maana stata ya injini nzima ina mdundo, inakwenda inahema, wuu-wuu-wuu, kila pistoni inapobana hewa stata inalemewa kidogo kisha inaachiwa. Yangu ilikwenda nyepesi moja kwa moja, wiiiii, kama inazungusha sufuria tupu. Nikaona mbona inazunguka vizuri tu, itawaka, nikapiga tena, nikapiga tena. Betri ikaanza kulegea. Wakatokea wasamaria wema watatu, "tusukume bwana hiyo betri tu hiyo", wakasukuma, gia ya pili, naachia klachi, gari inakita kama imegonga ukuta, tunarudia. Walitoka jasho wale watu kuniharibia injini, na nikawashukuru.

Fundi alipofika hakuuliza gari imefanya nini. Aliuliza, "Umepiga stata mara ngapi?" Nikamwambia mara mbili.

Akaniangalia. Akachukua spana ya 10 akafungua kava la juu la belti, akaingiza vidole, akauvuta mkanda ukatoka wote mkononi mwake kama nyoka mfu. Mimi nikashusha pumzi, nikasema afadhali, kumbe mkanda tu. Yeye hakujibu kitu, na leo ndo naelewa ule ukimya, lakini siku ile niliuchukua kama kukubali, na hapo ndo ugomvi wetu ulipozaliwa.

Kwa sababu gereji alifanya kilekile ambacho fundi wako kakufanyia. Alifunga belti mpya kwenye alama zake, akaweka spana kwenye bolti ya krenki akaizungusha injini kwa mkono taratibu mizunguko miwili kamili, akatoa plagi zote, akaleta geji ya kompresheni. Silinda ya kwanza sindano haikutikisika. Ya pili ikapanda kidogo ikasita, ya tatu hivyohivyo, ya nne sifuri. Ndo akaniambia hedi inashuka. Nikawaka. Kwa nini hukusema mapema? Kwa nini umefunga belti kama ulijua hedi inashuka?

Kumbe bila belti huwezi kupima. Kamshafti ikiwa imesimama valvu hazifungi na kufunguka, utapima kompresheni ya nini? Lazima juu na chini viende pamoja kwanza, ndo geji ikwambie silinda ipi inavuja. Njia nyingine zipo, kuna kusukuma hewa kwenye silinda moja moja na kusikiliza inatokea wapi, kuna kuingiza kamera ndogo kwenye tundu la plagi, lakini gereji nyingi wanafunga mkanda na kupima, na sio wizi. Ile belti haipotei, hedi ikirudi inafungwa hiyohiyo ilimradi haikukunjwa wala kupakwa oili.

Hapa ndo una haki yako ndugu yangu. Fundi alitakiwa akwambie kabla hajashika spana: belti imekatika, aina hii ya injini huwa inagonga, nafunga mkanda kwa ajili ya kupima, ikionekana hivi tunafanya hivi, na usitarajie kuondoka leo. Sentensi mbili tu. Mafundi wengi wana mikono mizuri na midomo mizito, halafu wanashangaa wateja wanawaita wezi.

Lakini kama bado una shaka, usibishane naye kwa maneno, mwambie akuonyeshe. Hedi ikishashuka ushahidi uko pale mezani. Angalia juu ya pistoni, iliyogongwa ina alama ya mwezi mchanga, inang'aa katikati ya masizi meusi, yangu zilikuwa nne zimepangana kama mtu kabonyeza kucha kwenye nta. Mwambie atoe valvu aiviringishe kwenye kioo, shina likiwa juu ya kioo na kichwa kimening'inia nje ya ukingo, nzima inateleza kimya na kichwa kimetulia, iliyopinda kichwa kinayumba unaona kabisa. Au kabla ya kuzitoa, hedi inageuzwa chali, wanamimina petroli kidogo kwenye vile vyumba vya valvu na kusubiri, ikitokea upande wa pili kwenye matundu basi valvu haizibi. Vitu hivi havihitaji usomi. Akikataa kukuonyesha, au akikwambia valvu za zamani keshazitupa, hapo sasa mimi na wewe tuko upande mmoja.

Kuna jambo kwenye barua yako ulilipita haraka na mimi ndo lililonifanya nichukue kalamu. Ulisema mkanda ulikuwa umebadilishwa miaka miwili tu iliyopita. Miaka miwili! Mikanda hii watengenezaji wanaipa kilomita 60,000 mpaka 160,000 kutegemea na injini, na hata kama gari haitembei mpira unazeeka, wengi wanasema miaka mitano mpaka kumi na isizidi. Wa miaka miwili haukatiki hivihivi. Kwa hiyo swali lako halitakiwi liende kwa fundi aliyeshusha hedi, liende kwa yule aliyefunga mkanda miaka miwili iliyopita, na shahidi ni mkanda wenyewe, natumaini hukuuacha ukatupwa.

Mkanda uliokatika unaongea. Kama meno yamenyofoka sehemu moja, matano au kumi yamelimika na kwingine yapo mazima, maana yake kuna kitu kilikwama ghafla, mara nyingi wota pampu, maana injini nyingi huo mkanda ndo unaozungusha na pampu ya maji, pampu ikikamata krenki inaendelea kuvuta na meno hayana ujanja. Kama ukingo mmoja umechakaa umetoa nyuzinyuzi, mkanda ulikuwa unakimbia upande, puli haijakaa sawa au beringi ya tenshena, ile puli inayoukaza mkanda, imeisha. Ukiwa umelowa na kuvimba, laini kama mpira wa viatu ulioachwa kwenye oili, basi sili ya krenki au ya kamshafti inavuja, na oili kwenye mkanda ni sumu. Na ukiwa umekatika mkato mmoja safi kama umekatwa na mkasi, wengi hawalijui hili, mara nyingi ulikunjwa kabla ya kufungwa. Ndani ya ule mpira kuna nyuzi za faiba, haziogopi kuvutwa lakini zinaogopa kukunjwa, mtu akiukunja autie mfukoni, au akiulazimisha kwa bisibisi uingie kwenye puli, nyuzi zinavunjika ndani huoni kitu, unatembea nao mwaka, miwili, halafu tap.

Na kosa la kawaida kabisa ni kubadilisha mkanda peke yake. Mteja anataka kuokoa hela, fundi anataka kumaliza, mkanda mpya unawekwa juu ya tenshena ya zamani na wota pampu ya zamani na sili za zamani, vitu ambavyo vimezunguka kilomita zilezile na mkanda uliotupwa. Beringi ya tenshena ikikamata haiangalii kwamba mkanda ni mpya. Mimi sasa nikimwona mtu anabadilisha belti tu naona kama kanunua soksi mpya akazivaa kwenye kiatu chenye msumari.

Kuna watakaosema dawa ni kununua gari yenye cheni ya chuma badala ya mkanda, injini za Toyota kama 1NZ, 1ZZ, 2AZ na nyinginezo. Sawa, cheni inakaa muda mrefu, lakini inaishi kwa oili, mtu asiyebadilisha oili cheni inalegea, asubuhi ukiwasha inalia karakara kwanza kabla ya kutulia, na ikiruka meno matokeo ni yaleyale. Faida yake ni kwamba angalau inapiga kelele. Mkanda hausemi. Mara chache utasikia kitu kinagonga kidogo kwenye kava, au gari inapoteza nguvu kwa sababu mkanda umeruka jino moja, lakini wengi wetu tunaambiwa na ile "tap" tu.

Kwa hiyo msomaji mwenzangu, kabla hujaenda kumshtaki mtu, jibu na wewe swali moja, maana sikuliona kwenye barua yako: gari ilipozima ulifanya nini? Ulitoa gia haraka au uliiacha? Uliisukuma? Ikizima ghafla hivyo na stata ikazunguka nyepesi bila mdundo, mkono unatakiwa utoke kwenye funguo, unaita wa kukuvuta basi. Siwezi kusema ungeokoa valvu zote, mkanda ukikatika spidi kubwa kazi kubwa inaisha kwenye sekunde ile ya kwanza, lakini ukikatika gari iko taratibu au ndo unawasha asubuhi, huenda zimeguswa mbili tu au hazijaguswa kabisa, na nyingine zote ni za stata na za wale wasamaria.

Valvu yangu moja ninayo hapa mezani naandika nayo barua hii, nimeifanya ya kukandamizia karatasi, kila nikiiviringisha inakwenda kichwa upande kama mlevi. Zilipinda kumi kati ya kumi na sita. Fundi wangu ni msomaji wa gazeti hili, kwa hiyo naomba nimwambie hapahapa: stata nilipiga kama mara ishirini, na kusukuma tulisukuma mara nne.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.